Ukanda wa dhahabu: mgeni yupo, ruhusa ndiyo biashara

Mtalii anayeshuka uwanja wa ndege wa Mwanza huwa ameshapangiwa njia. Anaelekea mashariki, anapita Magu na Lamadi, anaingia Serengeti kwa lango la Ndabaka. Gari lake halikati kusini kwenda Shinyanga, wala halivuki Busisi kwenda Geita. Mwaka 2023 Tanzania ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.8 kutoka nje, na wengi wao waliishia mbuga za kaskazini na fukwe za Zanzibar. Ukanda unaoongoza nchini kwa dhahabu uliambulia makombo.

Ndiyo maana kijana wa Kahama au Geita anayetaka kufungua kampuni ya kuongoza wageni huulizwa swali moja benki na nyumbani: nani atakuja? Kwa kawaida hujibu kwa kuitaja Serengeti, Arusha, au watalii waliovutiwa na filamu ya Royal Tour ya mwaka 2022. Hapo ndipo mpango unapoharibikia. Anayesubiri mtalii wa Arusha abadilishe njia atasubiri sana. Ukiuangalia ukanda huu kwa makini utaona kwamba mgeni yupo tayari, amelala nyumba ya wageni Geita mjini au Kahama, na Jumapili hana pa kwenda. Kilichokosekana ni mtu mwenye ruhusa ya kumpeleka mahali, na anayeaminiwa huko anakompeleka. Biashara ya kuongoza wageni hapa itasimama juu ya ruhusa hiyo zaidi ya kitu kingine chochote.

Kilichopo cha kuonyesha

Tuanze na mali iliyopo, kwa kuwa wengi huiona ndogo kuliko ilivyo. Mkoa wa Geita, uliozaliwa mwaka 2012, una Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977. Kati ya 1966 na 1969, Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt walileta Rubondo sokwe waliokuwa wamefungiwa Ulaya, wakawaachia msituni. Sokwe hao walijifunza upya kutafuta chakula na kujenga viota, wakazaana, na wajukuu wao wako huko leo bila kumtegemea binadamu. Kuna tembo na twiga waliopelekwa kwa makusudi, na nzohe, swala wa majimaji ambaye si rahisi kumwona kwingine nchini. Simba hakuna, hivyo mgeni hutembea kwa miguu na askari wa hifadhi badala ya kufungiwa garini. Upande wa magharibi kuna Burigi-Chato, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba matatu, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 4,700.

Shinyanga haina mnyama wa kushindana na hao. Ina kitu ambacho watu wa misitu husafiri mbali kukiona. Mkoa huu ulikwisha kuitwa jangwa. Miti ilifyekwa wakati wa ukoloni kupambana na mbung'o, ikafyekwa tena kwa pamba, kuni na mifugo, hadi miaka ya 1980 vumbi lilipobaki ndilo mandhari. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na wataalamu wake waliacha kulazimisha miche ya bustani wakarudi kwenye mila ya Wasukuma ya ngitili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikiuma. Likipumzishwa, visiki vya zamani huchipua vyenyewe. Mwanzoni zilihesabiwa takriban hekta 600 tu. Miongo miwili baadaye zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Ukisimama mpakani mwa ngitili moja mwezi Septemba, upande mmoja kuna udongo uliopasuka, upande wa pili migunga, nyasi za magotini na ndege. Mwanafunzi wa mazingira kutoka Morogoro au Wageningen hahitaji kuelezwa zaidi.

Kisha kuna mawe yenyewe. Mwadui, wilayani Kishapu, ndipo Mkanada John Williamson alipogundua almasi mwaka 1940, katika moja ya miamba mikubwa kabisa ya almasi duniani. Mwaka 1947 pale palitoka almasi ya rangi ya waridi ya karati 54.5. Williamson alimzawadia Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa bado binti mfalme, ikachongwa na kutiwa kwenye bruchi. Geita nayo ilikuwa na mgodi mkubwa tangu miaka ya 1930 hadi 1966, kabla ya huu wa sasa wa Geita Gold Mining ulioanza mwaka 2000. Bulyanhulu ulifuata mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009. Buzwagi umekwisha kufungwa, na mgodi uliofungwa ni nafasi ya aina yake. Kimberley, Afrika Kusini, shimo lililoacha kuchimbwa mwaka 1914 limekuwa makumbusho yanayouingizia mji fedha ilhali almasi iliyochimbwa humo ilikwisha zamani. Ballarat, Australia, walijenga upya kijiji cha wachimbaji wa miaka ya 1850, wakakifungua mwaka 1970, na shule nzima nzima hupelekwa huko. Tanzania haijafanya hivyo kwa shimo lake hata moja la dhahabu.

Mgeni ni nani

Watetezi wa utalii wa utamaduni hupenda kutaja Mto wa Mbu, ambako tangu miaka ya 1990 vijana huzungusha wageni kwa baiskeli kwenye mashamba ya migomba na kwa wachonga vinyago. Mfano ni mzuri, ila usisahau kilichoubeba: Mto wa Mbu uko kwenye barabara ya Ngorongoro. Maelfu ya wageni walikuwa wanapita, na kazi ya kijiji ilikuwa kuwashusha garini kwa saa tatu. Utalii wa utamaduni hula kwenye msafara ulioletwa na kitu kingine.

Msafara wa ukanda wa dhahabu upo, ila umeletwa na mgodi. Kuna wahandisi na mafundi wa migodi mikubwa wanaofanya kazi kwa zamu na kupata mapumziko. Kuna wakandarasi, wakaguzi, wauzaji wa mitambo na kemikali. Kuna wanunuzi wa madini, hasa tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019. Kuna Maonesho ya Teknolojia ya Madini, yaliyoanza mwaka 2018 na ambayo kila yanapofanyika huujaza mji wa Geita hadi vyumba vinaadimika. Ongeza vyuo vinavyoleta wanafunzi kwa mafunzo ya vitendo, watu wa miradi ya maendeleo, na Watanzania wanaofika Chato kuona alikozikwa Rais John Magufuli mwaka 2021.

Wageni hawa hawafanani na mtalii wa siku kumi aliyelipia kila kitu kabla ya kupanda ndege. Wana siku moja, pengine mbili. Huamua Ijumaa kwa ajili ya Jumapili. Hulipa kwa simu. Wengi ni raia au wakazi, kwa hiyo viingilio vyao hifadhini ni vya chini ukilinganisha na dola anazotozwa mgeni wa nje. Bidhaa inayowafaa ni fupi, inaondoka hata kwa watu wanne, na bei yake inasomeka kwenye ujumbe mmoja wa WhatsApp. Kampuni inayowauzia kifurushi cha siku saba kwa dola imewafungia mlango.

Hata njia imebadilika. Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, na foleni ya kivuko iliyokuwa ikimla msafiri nusu siku ikabaki hadithi. Sasa mtu aliyeko Mwanza anaweza kuifanya Geita safari ya kwenda na kurudi. Hilo ni neema na ni onyo pia, kwa kuwa kampuni za Mwanza zitavuka daraja lile lile kuja kuchukua kazi. Mwenyeji atabaki na kitu kimoja ambacho wa Mwanza hana: watu wanaomjua.

Getini na kwenye maduara

Tazama inavyokuwa mgeni anapopelekwa kwa wachimbaji wadogo, tuseme Nyarugusu au Lwamgasa. Gari jeupe linaposimama kwenye eneo la maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, kazi hupungua kasi kabla mlango haujafunguliwa. Kila mtu anajiuliza ni akina nani: watu wa Tume ya Madini, wa baraza la mazingira (NEMC), wa kodi, waandishi wa habari, au mzungu aliyekuja kununua leseni? Mwongozaji anayejua kazi humwacha mgeni garini. Hushuka peke yake, huingia kwenye banda la mwenye leseni, husalimia kwa Kisukuma, huandika majina kwenye daftari na kueleza wamekuja kuona nini na wataondoka saa ngapi. Msimamizi wa duara akishakubali ndipo kofia ngumu na mabuti hutolewa, na simu hubaki mfukoni mpaka mwenye uso unaopigwa picha aseme ndiyo.

Baada ya hapo mgeni anaonyeshwa kazi yenyewe. Anaona mawe yakipandishwa kwa winchi katika viroba, matimba yanayoshikilia kuta za shimo, karasha linalosaga mawe hadi yawe unga kwa kelele za kuziba masikio, kisha mwalo, ambako unga huteremshwa na maji juu ya ubao uliotandikwa magunia ili dhahabu nzito ibaki. Anaelezwa mgao: viroba hugawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara aliyegharimia chakula na mafuta, na wachimbaji, na ugomvi mwingi wa machimboni huanzia hapo. Mtu aliyeelewa mgao amejifunza uchumi wa Geita kuliko aliyesoma ripoti ya kurasa mia.

Ziara hiyo ina mipaka mitatu isiyopindishwa. Wa kwanza: mgeni hashuki shimoni. Mwaka 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji waliofukiwa walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, na taifa likashangilia. Wengi wanaofukiwa katika ukanda huu hawana bahati hiyo. Hakuna bima ya kawaida ya utalii itakayolipia mgeni aliyeteremka kwenye duara la matimba. Wa pili: mgeni hasogezwi dhahabu inapochomwa. Zebaki ikipashwa moto huwa mvuke usioonekana, na huingia mwilini kwa pumzi. Mwongozaji anayepita pale kila wiki ndiye atakayeumia kwanza. Wa tatu: penye watoto kazini, ziara haifanyiki. Kuleta wateja pale ni kuihalalisha hali hiyo, na picha moja iliyosambaa inatosha kumfungia mwenye leseni na kuiua kampuni.

Kuna swali zito zaidi ya usalama: je, ni halali kimaadili kumlipisha mtu ili aangalie wenzake wakihangaika? Potosí, nchini Bolivia, wageni huingia kila siku katika mgodi wa Cerro Rico unaofanya kazi, wakiwa na zawadi za majani ya koka na hata baruti walizonunua sokoni. Wapo wachimbaji wanaolifurahia pato hilo, na wapo wanaosema wamegeuzwa maonyesho. Tofauti hutokea kwenye nani anaeleza. Mchimbaji akisimama kama fundi anayefundisha kazi yake, akalipwa kwa muda aliopoteza, mgeni huondoka na heshima. Akibaki kuwa mandhari ya picha, hata alipwe, ameonewa. Njia iliyo wazi ni kumwajiri mchimbaji mzoefu awe mwelezaji wa sehemu hiyo, na mwongozaji wa kampuni abaki mkalimani.

Vijijini ruhusa hufuata ngazi nyingine. Usukuma una ulinzi wake wa sungusungu, uliozuka Shinyanga na mikoa jirani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe. Gari geni linalozunguka vitongojini jioni bila taarifa litasimamishwa, na watakaolisimamisha wana haki ya kuuliza. Mwenyekiti wa kijiji, balozi wa nyumba kumi na kamanda wa sungusungu wakipewa taarifa mapema, watu wale wale huwa walinzi wa mgeni. Ngitili nazo zina wenyewe: nyingine za kaya, nyingine za shule au kijiji kizima. Kuingia bila kumwona mwenye nayo ni sawa na kuingia zizini mwa mtu.

Hesabu ya viti vitupu

Kampuni nyingi changa za utalii huuawa na gari. Mwenye ndoto huuza kiwanja, hununua Land Cruiser, kisha hulipia matengenezo ya gari lililosimama. Tuseme safari ya siku mbili kwenda Rubondo ina gharama zisizobadilika za shilingi 1,200,000: gari, mafuta, boti, posho ya mwongozaji. Tuseme pia chakula, malazi na kiingilio ni shilingi 150,000 kwa kila mtu. Wakienda wawili, kila mmoja anaigharimu kampuni 750,000. Wakienda sita, ni 350,000. Hata hifadhi ikishusha kiingilio, punguzo hilo halifiki popote karibu na lile linaloletwa na viti vinne vilivyojazwa. Kwa hiyo ujuzi wa kwanza wa biashara hii ni kukusanya watu: kuwa na orodha ya mameneja rasilimali watu wa migodi na wakandarasi, kupanga tarehe za kudumu kila mwezi, na kukodi gari mpaka tarehe hizo zijae zenyewe.

Boti ina hesabu yake. Kwenda Rubondo kutoka Nkome ni karibu saa mbili majini. Kutoka Kasenda, jirani na Muganza wilayani Chato, ni chini ya saa moja. Aliye Geita huvutwa na Nkome kwa kuwa ni karibu kwa barabara. Lakini ziwa huchafuka, na MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 zimetuachia makaburi ya kutosha. Njia fupi ya maji, boti iliyokaguliwa na TASAC, wakala wa usafiri wa majini, jaketi okozi kwa kila kichwa na kuondoka asubuhi ni gharama za lazima. Atakayezikata ili ashushe bei anauza roho za watu.

Bidhaa ya bei ndogo kuliko zote iko Shinyanga: baiskeli. Nchi ni tambarare, kila kituo kina fundi chini ya mti, na baiskeli ndiyo iliyokuwa ikibeba abiria, maji na mkaa mjini kabla ya bodaboda. Mzunguko wa asubuhi kutoka mjini hadi kwenye ngitili, ukimalizika kwa michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na maziwa mgando nyumbani kwa mwenyeji, hauhitaji mkopo wa benki. Unahitaji kalenda. Kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Mei udongo mweusi wa mbuga hunata kiasi cha kufunga magurudumu. Msimu wa kweli ni Juni hadi Oktoba. Juni pia ndipo vyama vya ngoma vya Wasukuma, Bagika na Bagalu, hushindana Bujora, jirani na Mwanza, na safari ikipangwa kuanzia hapo huwa na mwanzo mzuri.

Leseni na mgawanyo

Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inamtaka mwenye kampuni na mwongozaji wawe na leseni. Ada ya kampuni ilikuwa dola 2,000 kwa miaka mingi, kiasi ambacho kijana wa Geita hakuwa nacho, ndipo wazawa wenye magari machache waliposhushiwa hadi dola 500. Kodi ya VAT ya asilimia 18 imekuwa ikitozwa kwenye huduma za utalii tangu Julai 2016. Wengi hukwepa mlolongo huo na kuongoza wageni kienyeji. Kwa mgeni wa Jumapili inaweza kupita mara kadhaa, lakini mgodi mkubwa hautapeleka wafanyakazi wake kwa mtu asiye na leseni, risiti wala bima. Soko lenyewe linalopatikana hapa ndilo linalomlazimisha mtu kuwa rasmi.

Katika hilo mwenyeji ana kinga. Julai 2025 serikali ilitangaza amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara 15, na kwenye orodha hiyo hiyo zimo kuongoza watalii na uchimbaji mdogo wa madini. Kazi zote mbili, ile ya mwenye duara na ile ya anayemleta mgeni kuliona, zimewekwa mikononi mwa Watanzania. Kinga hiyo haitasaidia ikiwa Mtanzania wa Arusha au Mwanza ndiye atakayekuja kula, na mwenye kijiji akabaki kupunga mkono.

Wasukuma wakisema mgeni njoo mwenyeji apone, kama wasemavyo Waswahili wote, kampuni inapaswa kuonyesha kupona huko kwenye karatasi. Sehemu ya malipo iingie akaunti ya kijiji kwa stakabadhi, si mfukoni mwa mwenyekiti, na isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji wa kila miezi mitatu. Mwenye ngitili alipwe kwa kila kundi, ili ngitili yenye miti iwe na thamani hata mwaka ambao bei ya mkaa imepanda. Mwenye duara alipwe kwa muda. Malipo haya huitwa gharama katika vitabu vya kampuni, lakini kwa kweli ndiyo mtaji wake. Gari hukodishwa na yeyote, na intaneti humpa kila mtu ramani. Mlango wa banda la mwenye leseni Nyarugusu humfungukia aliyelipa vizuri mara ya mwisho.

Kwa hiyo anayetaka kuanza mwakani asianze na nembo wala gari. Achague njia mbili, moja ya ngitili na moja ya maduara, azitembelee mpaka asalimiwe kwa jina, aandikiane mikataba ya kurasa mbili na kijiji na mwenye leseni, akate leseni ya utalii, kisha aende kwenye ofisi za wakandarasi na tarehe zake mkononi kabla ya maonesho ya madini kuanza. Rubondo aiongeze akishakuwa na watu wa kujaza boti. Mikoa nayo ina kazi yake moja kubwa: kuamua mapema, na wenye migodi, ni shimo lipi na jengo lipi la zamani halitafukiwa. Dhahabu ya Geita itakwisha siku moja kama ilivyokwisha ya Buzwagi, na mji usiojifunza kupokea wageni wakati wamejaa hautajifunza wakati wameondoka.